Njia mbili ndani ya shimo moja

Mtu akija kutuuliza kuhusu intaneti yetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, awe daktari, mwenye duka la kutuma pesa au mkuu wa ofisi ya misaada, swali lake la kwanza ni lile lile: mnachukua kwa watoaji wangapi? Ukimjibu wawili, anatulia. Ukimjibu watatu, anakushukuru. Nimekuwa fundi wa mtandao katika kampuni ndogo ya mjini kwa miaka mingi, na idadi hiyo peke yake hainitulizi hata kidogo. Ninachotaka kujua ni njia hizo zinashiriki nini. Nguzo? Mtaro? Kituo cha mpakani? Soketi ya umeme? Kila kitu zinachoshiriki ni mahali ambapo mbili hugeuka kuwa moja.

Jiografia yenyewe inatubana. Nchi yetu inagusa Atlantiki kule Muanda, na mkonga wa bahari wa WACS unatua hapo, lakini kati ya Muanda na Goma kuna nchi nzima, misitu, mito na barabara zisizopitika. Kwa hiyo intaneti yetu inatokea mashariki. Inavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, inapanda milima mpaka Kigali, halafu inashika Uganda na Kenya hadi Mombasa, au Tanzania hadi Dar es Salaam. Inasafiri zaidi ya kilomita 1,500 nchi kavu kabla ya kufika baharini, na katika kila kilomita kuna mtu anayechimba msingi wa nyumba, anayepanua barabara, au anayechoma majani chini ya nguzo.

Wauzaji wa njia ya pili wana hesabu yao, na hesabu hiyo ni ya kweli. Tuseme njia moja inafanya kazi asilimia 95 ya muda. Mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hiyo utakosa huduma saa 36. Ongeza njia ya pili ya ubora ule ule: sasa huduma inakatika pale tu zote mbili zinapokufa kwa wakati mmoja, yaani asilimia 5 ya asilimia 5, ambayo ni asilimia 0.25. Saa 36 zinashuka hadi saa moja na dakika 48 kwa mwezi. Mkurugenzi yeyote akionyeshwa karatasi hiyo anasaini. Lakini hesabu hiyo ina sharti ambalo haliandikwi kwenye karatasi: kifo cha njia moja kisihusiane kabisa na kifo cha nyingine. Zikipita kwenye mtaro mmoja, jembe moja linarudisha saa zako 36.

Hilo nililiona kwa macho. Tulikuwa tumeshachukua njia ya pili, kwa mtoaji ambaye jina, bei na mkataba wake vilikuwa tofauti kabisa na vya yule wa kwanza. Kwenye ramani iliyochorwa kwa kompyuta, mstari mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine wa buluu, na umbali kati yake ulikuwa unapendeza. Nikamwomba mzee mmoja aliyekuwa amevuta nyaya nyingi hapa mjini anisindikize, tutembee kwa miguu kutoka ofisini kwetu Himbi hadi mpakani, tukiangalia juu kwenye nguzo na chini kwenye vifuniko.

Mtu asiyeujua mji huu anapaswa kuelewa ardhi yake kwanza. Goma imekaa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wakajenga tena juu ya lava hiyo hiyo. Kuchimba mita moja hapa ni kazi ya nyundo na patasi, na kila mita inalipiwa. Ndiyo maana nyaya nyingi zinaning'inia kwenye nguzo, na pale ambapo mtu mmoja ameshapasua mwamba, mwingine anayekuja nyuma yake anaomba kupitisha wake humo humo. Sikuona uzembe katika hilo. Lava ni ngumu na pesa ni chache, na ningekuwa mimi ndiye mwenye nyaya ningeshawishika vile vile.

Tulipokaribia Birere, mzee akasimama kwenye kifuniko cha zege.

«Papa, huu waya ni wa nani?» nikamuuliza.

«Huu njo wa kwenu. Na ule ingine njo wa wale wa pili. Zote zinaingia mu shimo moja, zinaenda pamoja mpaka kule Petite Barrière.»

Nikamuuliza kama upande wa pili wa mpaka zinaachana. Akasema zinaachana, ila mbele kidogo. Kumbe kwa muda wote ule tulikuwa tunalipia watoaji wawili na tunategemea shimo moja. Nilirudi ofisini nikakaa na bosi wetu, ambaye sisi sote tunamwita Mukubwa, nikamwekea picha za kila kifuniko mezani. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu: «Sasa tutafanya je?»

Tulichofanya ni kutafuta njia ambayo haigusi mpaka wa Gisenyi kabisa. Ipo moja, nayo ni ziwa. Kutoka Goma unaweza kurusha mawimbi ya redio kuelekea kusini juu ya Kivu, ukapokelea kisiwani Idjwi, ukarusha tena hadi Bukavu, ambako mikonga inavukia mto Ruzizi kuingia Rwanda kwa kituo kingine kabisa. Mwishowe nayo inafika Kigali, ninakubali, lakini kati ya hapa na Kigali haina jiwe moja inaloshiriki na ile ya kwanza.

Wengi walituambia redio juu ya maji haiwezekani. Inawezekana, ila inataka adabu. Uso wa ziwa ukitulia unarudisha mawimbi kama kioo, na wimbi lililogonga maji linafika kwenye antena likiwa limechelewa kidogo kuliko lile lililokuja moja kwa moja. Hapo mawili hayo yanaweza kufutana. Asubuhi ishara ni safi, mchana hewa ya juu ya maji inabadilika joto, na ghafla ishara inazama bila mvua wala upepo. Dawa zake zinajulikana. Moja ni kufunga antena mbili kwenye mnara mmoja kwa vimo tofauti, ili wimbi likifutika kwa moja libaki kwa nyingine. Nyingine ni kuchagua vimo vya minara ili pale mawimbi yanapodunda paangukie nchi kavu, kwenye migomba ya kisiwani, badala ya majini. Yule anayetuuzia njia hiyo alikubali kutuonyesha vipimo vyake vya mwaka mzima, na hilo ndilo lililotufanya tumwamini. Asiyetaka kuonyesha vipimo, msimpe pesa.

Hofu yetu ya njia za ardhini ilitokana na yale ya Mei 2021. Jumamosi tarehe 22 jioni Nyiragongo ilipasuka, na lava ikashuka ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Laini ya umeme na mabomba ya maji yaliyokuwa njiani kwake yaliharibika. Lakini kwa mtandao, siku zilizofuata zilitutesa kuliko usiku ule. Matetemeko hayakukoma. Ardhi ilipasuka mjini, nyufa zikakatiza barabara na nyumba, na mkonga uliozikwa hauna pa kukimbilia ardhi inapovutwa. Nguzo zilikuwa zimeinama lakini nyingi zilibaki na nyaya zake. Tangu hapo sipendi mtu aniambie kwamba waya wa chini ni salama kuliko wa juu, au kinyume chake. Ninataka moja chini, nyingine juu, na ya tatu isiyogusa udongo kabisa.

Halafu Alhamisi tarehe 27 gavana akaamuru watu wahame mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Watu wakatoka kwa miguu na pikipiki kuelekea Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Mafundi wetu pia ni baba na mama wa watoto, walihama na familia zao kama kila mtu, na ilikuwa haki yao. Mitambo ilibaki inawaka mjini bila mtu wa kuigusa. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu naye ni njia. Kama nenosiri la ruta, kile kifaa kinachoelekeza data, liko kichwani mwa kijana mmoja na ufunguo wa chumba uko mfukoni mwa mwingine, nao wamekimbilia pande mbili, una mitambo lakini huna mtandao. Sasa funguo zetu zina nakala kwa watu wanaoishi mitaa tofauti, na kila ruta inafikika kwa njia ya pembeni, laini ndogo ya simu ambayo kazi yake ni hiyo tu, hata mikonga yote ikiwa imekufa. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, hakuna aliyeweza kutoka nje kwenda kwenye mnara. Mitambo iliyokuwa inafikika kwa mbali ndiyo iliyoweza kuhudumiwa, mpaka betri zilipoisha.

Bahari nayo ina mitaro yake. Jambo hili watu wa bara tunalisahau kwa urahisi. Agosti 2023, mporomoko chini ya bahari, katika lile korongo refu linaloanzia mdomoni mwa mto wetu Kongo, ulikata WACS na SAT-3 kwa mara moja. Ni mikonga miwili ya wenye tofauti, na udongo wa mto mmoja ukaimaliza yote. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya upande wetu. Februari 2024 mikonga mitatu ilikatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo, na data nyingi za Afrika Mashariki zikageukia kusini. Tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya EASSy na Seacom ikakatika pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban, karibu kwa pamoja. Tanzania iliumia sana, na sisi huku tuliona intaneti ikitambaa.

Siku hiyo tulikuwa na njia moja kwa Mombasa na nyingine kwa Dar es Salaam. Nchi kavu zilikuwa zinaachana vizuri kabisa. Tulipofuata pakiti, yaani vipande vya data, hatua kwa hatua tukaona kwamba sehemu kubwa ya zote mbili ilikuwa inaingia baharini kwenye mikonga ile ile. Hatukuweza kufanya lolote kwa jioni ile zaidi ya kuwaeleza wateja ukweli, na kuwaambia wasizime na kuwasha vifaa vyao bure. Ila sasa kila mtoaji tunamwuliza jina la mkonga wa bahari, na jina la ule atakaotumia wa kwanza ukikatika, na tunaliandika. Kutoka Mombasa kuna mkonga wa TEAMS unaokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, na kuna mingine mipya. Mtoaji mzuri anakujibu papo hapo.

Kuna pia yale yasiyohitaji kuvuka mpaka hata kidogo. Mtu wa Himbi akimtumia faili mtu wa Majengo, hakuna sababu ya faili hilo kwenda Ulaya na kurudi. Kinshasa imekuwa na kituo chake cha kubadilishana data, Kinix, tangu 2012, na baadaye Lubumbashi na Goma zikapata vyao. Kila mtoaji wa hapa mjini anayejiunga anaongeza kiasi cha mji kinachobaki hai pale mpaka unapokatika. Ninasikitika sana ninapoona kampuni inakataa kuunganishwa na jirani yake kwa sababu ni mshindani.

Sasa niseme kuhusu ruta, kwa vijana wanaoanza kazi hii. Kuwa na njia mbili nzuri hakusaidii kama ruta haijui kwamba moja imekufa. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye ofisi tunazoitwa kusaidia ni kuamini taa ya kijani. Taa inaonyesha kwamba waya wa mita tatu kati ya ruta na kisanduku cha mtoaji uko sawa. Haijui chochote kuhusu Kigali, sembuse Mombasa. Ruta ipimwe kwa kuuliza anwani za mbali, zaidi ya moja, zenye wenyewe tofauti, na ihame pale tu zote zinaponyamaza. Ikishahama isirudi haraka. Njia inayokufa na kufufuka kila dakika inaua simu na malipo kuliko njia iliyokufa kabisa, kwa hiyo mwache aliyefufuka akae imara kwa muda kabla hujamwamini tena.

Sisi wenye wateja wengi tunatumia BGP, lugha ambayo ruta za mitandao huambiana njia, na anwani zetu wenyewe kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, kule Morisi, ili njia ikibadilika anwani zibaki zile zile na dunia itufuate kupitia upande mwingine. Nalo lina subira zake. Kwa mipangilio ya kawaida ruta inaweza kungoja sekunde 90, hata 180, kabla ya kukubali kwamba jirani yake ameondoka, na muda huo wote inatupa data shimoni. Punguza muda huo kwa makubaliano na mtoaji, au tumieni BFD, ambayo inagundua kifo cha jirani kwa chini ya sekunde. Na DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: ofisi nyingi zimewekewa seva ya majina ya mtoaji wa kwanza. Wakihamia kwa wa pili, seva ile inakataa kuwajibu kwa sababu hawatoki tena ndani ya mtandao wake. Mtandao mzima uko hai, na kila mtu analalamika kwamba hakuna intaneti. Weka seva yako ya majina.

Mukubwa alinibana kwa muda mrefu kuhusu pesa. «Kwa nini ninalipa kitu kinacholala?» Swali lake ni la haki, kwa sababu mega moja Goma si bei ya Nairobi. Tukakubaliana njia zote zifanye kazi kila siku, zigawane mzigo. Hilo linaleta hatari yake: njia mbili za ukubwa sawa zikijaa kila moja zaidi ya nusu, huna akiba tena, na siku mojawapo ikikatika iliyobaki inazama pamoja na kila mtu. Kwa hiyo lazima iamuliwe mapema nani anapita kwanza.

Uamuzi huo hatukuufanya peke yetu. Nilikwenda kwa mama anayeongoza kituo cha afya, mmoja wa wateja wetu wa zamani, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema: «Mwanangu, siku mambo ikikatika, mimi sihitaji kila kitu. Nipe simu, na ile mashine ya maabara itume majibu. Ingine itangoja.» Mwenye duka la pesa alijibu karibu vile vile: miamala yake ni midogo sana, inapita kwenye tundu la sindano mradi tundu lisizibe. Ndiyo sababu tuna njia ya tatu, ya setilaiti ile ya juu kabisa, kilomita 35,786 kutoka ikweta. Data inachukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na video haiwezekani kwa bei yake. Lakini majibu ya maabara na malipo yanapita. Tangu 2025 Starlink ina leseni nchini, na sahani zake zinazungumza na setilaiti za chini sana, kwa hiyo ucheleweshaji huo unapungua. Wateja wengine wameanza kuziweka, na tunawasaidia kuziunganisha.

Umeme nitausema kwa ufupi kwa kuwa kila mtu hapa anaujua. Kagueni soketi. Nimeingia vyumba vyenye ruta mbili za bei kali, watoaji wawili, na vyote vimechomekwa kwenye waya mmoja wa kurefusha uliokanyagwa na meza. Ruta mbili zikae kwenye inverta mbili, betri zake zisifungwe pamoja, na jenereta iwashwe kwa mzigo kamili mara kwa mara. Yenye mafuta ya zamani itakusaliti siku ya delestaji ndefu, yaani mgao wa umeme.

Na kila mwezi tunachomoa. Tunawatangazia wateja saa, tunachagua alfajiri, kisha mmoja wetu anachomoa njia ya kwanza kwa mkono, kwenye waya wenyewe na si kwa amri ya kompyuta. Tunatazama simu zinazoendelea, tunatazama malipo, tunampigia muuguzi wa zamu kumwuliza kama anaona tofauti. Wiki chache zilizopita jaribio hilo lilitufichulia kwamba njia ya ziwani ilikuwa imehamishwa na mtoaji wake, bila neno, ikapitishwa Gisenyi kwenye mkonga ambao tulikuwa tumeukimbia. Vipimo vya kasi vilikuwa vimependeza zaidi, hakuna mteja aliyelalamika, na tulipochomoa ya kwanza zote mbili zikatetereka kwa pamoja.

Tumerudi mezani. Mkataba mpya tunaouandika unamtaka mtoaji ataje kwa majina minara, kituo cha kuvukia na mkonga wa bahari, atuarifu kwa maandishi kabla ya kubadilisha chochote kati ya hivyo, na aturuhusu kuitembelea njia yake kwa miguu mara mbili kwa mwaka. Amekubali viwili vya kwanza. Cha tatu anasema hakijawahi kuombwa na mteja yeyote, na Mukubwa amemjibu kwamba bila hicho hatutasaini.